Mjusi wa Tendaguru na Hesabu ya Udongo

Mwaka 1962 mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa katika kilima cha Lindi, alihesabiwa kuwa na uzito wa tani 78. Kufikia mwaka 2009 alikuwa amebaki na tani 23. Muda wote huo mifupa yake ilikuwa ileile, haikuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni nyama ambayo watu waliivisha mifupa hiyo, na nyama hiyo mara nyingi ilikuwa udongo wa mfinyanzi, katika sanamu ndogo ya kuwekwa mezani. Kwa hiyo anayefinyanga dinosaria kwa kipimo kidogo hafanyi pambo tu. Uwiano anaouchagua umewahi kuingia moja kwa moja katika vitabu vya sayansi, ukakaa humo miaka mingi.

Hesabu za ukubwa wa dinosaria zilianza na meno. Gideon Mantell, daktari wa Sussex nchini Uingereza, alimtangaza Iguanodon mwaka 1825 akiwa na meno na vipande vichache vya mifupa. Alilinganisha meno hayo na ya iguana, mjusi wa Amerika, akamkuza mjusi mzima kwa uwiano uleule. Akapata mnyama wa futi 60, karibu mita 18. Mwaka 1842 Richard Owen, mtaalamu aliyelitunga jina la dinosaria, alikataa njia hiyo. Yeye alitegemea urefu wa pingili za uti wa mgongo, na Iguanodon akashuka hadi futi 28. Mnyama ni yuleyule, ila mmoja alianzia kinywani na mwingine mgongoni.

Owen huyo ndiye aliyemshauri mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins alipotengeneza sanamu kubwa za Crystal Palace, London, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1854. Hawkins alianza na sanamu ndogo, kisha akazikuza. Utaratibu wake ulikuwa mzuri. Kilichompungukia ni mifupa. Iguanodon wake anasimama kwa miguu minne, mzito kama kifaru, na puani ana pembe. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa ya Iguanodon wengi, wengine wakiwa karibu kamili, na ikaonekana kwamba ile pembe ni ya kidole gumba. Sanamu za Hawkins zipo mpaka leo, na mimi naziheshimu, kwa sababu zinaonyesha kwa uaminifu kilichojulikana wakati ule.

Kwa Tendaguru mambo yalikuwa tofauti. Huko mifupa ilikuwepo, tena kwa wingi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba katika kilima hicho cha Lindi. Mamia ya watu wa kusini walifanya kazi ya kuchimba, kufunga na kubeba. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye baadaye Waingereza nao walimtegemea walipokuja kuchimba. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Ninapowasoma waandishi wa Ulaya wakisifu vipimo vya Janensch, nakumbuka kwamba mfupa uliovunjika njiani haupimiki. Kila sentimita katika majedwali yake ilihifadhiwa kwanza na mikono ya watu hao.

Janensch alimpa mjusi huyo jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na mwaka 1937 kiunzi chake kikasimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Siku hizi wengi humwita Giraffatitan.

Sasa tumtazame mfinyanzi mezani. Tuseme amechagua kipimo cha 1:40. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mjusi huyu una urefu wa sentimita 213. Kwenye sanamu utakuwa milimita 53. Fupa la paja, kama lilivyokamilishwa na wataalamu, lina sentimita 196, nalo litakuwa milimita 49. Tofauti ni milimita nne tu, lakini ndizo zinazomfanya mjusi wa Tendaguru awe alivyo: mabega juu, kiuno chini, mgongo ukiteremka kuelekea mkia. Mfinyanzi akizisawazisha kwa sababu jicho lake limezoea tembo au ng'ombe, amepata mnyama mwingine.

Upande wa unene kosa hukua haraka zaidi. Ukiongeza asilimia 10 kwenye urefu, upana na kimo, ujazo hauongezeki kwa asilimia 10, bali kwa asilimia 33. Kwa kipimo cha 1:40, sentimita moja ya ujazo wa udongo inasimama badala ya lita 64 za mnyama halisi, yaani karibu kilo 58, kwa kuwa mwili wake huhesabiwa kuwa mwepesi kidogo kuliko maji. Kidole kikibandika udongo kidogo ubavuni, mnyama amenenepa kwa uzito wa mtu mzima.

Hapo ndipo zilipotoka zile tani 78. Edwin Colbert, mtaalamu wa Marekani, aliweka sanamu ndogo ndani ya sanduku, akalijaza mchanga, kisha akapima mchanga uliokosa nafasi. Alipata ujazo wa sanamu, akaukuza kwa kipimo chake, akauzidisha kwa 0.9, uzito wa mwili ukilinganishwa na maji, kiasi alichokipata kwa kumpima mamba mchanga. Hesabu yake haina dosari ninayoiona. Sanamu ndiyo iliyokuwa nene mno. Mwaka 1985 R. McNeill Alexander wa Uingereza alitumia sanamu ya plastiki ya aina iliyouzwa na makumbusho ya London, akaipima kwa maji, akapata karibu tani 47. Miaka mitatu baadaye Gregory Paul, mchoraji na mtafiti, alikataa kuazima sanamu ya mtu. Alichora kwanza kiunzi cha mifupa kwa vipimo, akakifinyangia misuli juu yake, akapata takriban tani 32.

Naona njia ya Paul ndiyo iliyoleta mapinduzi, na ni njia ambayo kila mfinyanzi anaweza kuifuata: mchoro wa mifupa kwanza, waya juu ya mchoro, udongo mwisho. Baadhi ya waliomfuata walizidi kumkondesha mjusi. Michael Taylor, mwaka 2009, alikadiria tani 23. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitumia picha za leza za kiunzi cha Berlin chenyewe, wakakizungushia kwa kompyuta ngozi ya kubana kabisa, wakaongeza asilimia 21 kwa ajili ya nyama, na wao wakaishia tani 23.

Hata hivyo kiunzi nacho ni kazi ya mikono. Kile cha Berlin kimeunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja. Mkia, kwa mfano, si wa mnyama yule aliyetoa miguu ya mbele. Pingili za shingo na mgongo zilikuwa nzito na dhaifu mno kupandishwa, hivyo zilizotundikwa ni za plasta. Mwaka 1937 mkia uliburuzwa chini na viwiko vikapindwa nje kwa namna ya mjusi atambaaye. Kiliposimamishwa upya mwaka 2007, miguu ilinyooshwa, mkia ukainuliwa, na kimo kikafika mita 13.27. Sanamu iliyonakiliwa kutoka picha ya zamani itabeba viwiko vile vya zamani.

Lipo pia gegedu, ambalo halikugeuka jiwe. Shingo ya mjusi huyu ina pingili 13, na baina ya pingili na pingili palikuwa na tabaka lake. Mfinyanzi wa 1:40 akiacha milimita moja katika kila mwanya kati ya 12 iliyopo, shingo ya mnyama halisi imerefuka kwa sentimita 48.