Chanzo cha Wajapani Kuhamia Nchi za Mbali

Husemwa mara nyingi kwamba Wajapani walihama kwao kwa kuwa watu walikuwa wengi na ardhi haba. Neno hilo lina ukweli, walakini si ukweli wote. Atakaye kujua chanzo na aanzie kaskazini, katika kisiwa walichokaa Waainu tangu kale, wakivua na kuwinda.

Mwaka 1868 Serikali mpya ilisimama chini ya Mfalme Meiji. Mwaka uliofuata ikaunda idara ya kustawisha kisiwa hicho, ikakiita Hokkaido. Haja zake zilikuwa mbili: kuwazuia Warusi wasikitwae, na kuwapatia riziki samurai, askari wa jadi waliokuwa wakipoteza posho zao. Tangu 1875 walipelekwa huko askari walio wakulima pia. Ardhi ya Waainu ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kisha sheria ya 1899 ikawagawia wao vishamba, ili waache desturi zao wakalime.

Huku nyuma, kodi ya ardhi iliyowekwa mwaka 1873 ilidaiwa kwa fedha taslimu wala si kwa mchele, na wakulima wengi wakapoteza mashamba. Tangu 1885 maelfu walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii, kwa mapatano ya Serikali. Mwaka 1908 meli Kasato Maru ilifikisha watu 781 Brazil, kwenye mashamba ya kahawa. Marekani nayo ikawafungia mlango mwaka 1924.

Japani iliiteka Manchuria kuanzia mwaka 1931, na mwaka 1936 ikaazimu kupeleka huko jamaa milioni 1 katika miaka 20. Walikwenda watu wapatao 270,000, wengi wakipewa mashamba ambayo Wachina walilazimishwa kuyauza kwa bei duni. Ajabu ni kwamba mwaka 1941 Serikali iyo hiyo, iliyolalamikia wingi wa watu, iliagiza uzazi uongezwe hata watu wafike milioni 100.

Warusi walipoingia Manchuria Agosti 1945, jeshi liliwaacha wahamiaji nyuma, na makumi ya maelfu wakafa. Waainu nao walingoja hadi 2008 Bunge la Japani lilipokubali kwamba wao ndio wenyeji wa asili wa kaskazini.

Basi maskini alipelekwa kukalia ardhi ya maskini mwenziwe, na hasara ikawapata wote wawili. Aliyeipanga safari hakuhama.