Shanga za kioo zenye maumbo ya bahari

Shanga za kioo zenye maumbo ya bahari ni mapambo madogo, kwa kawaida ya sentimita 1 hadi 4, yaliyofinyangwa kioo kikiwa bado moto ili yachukue sura ya viumbe au vitu vya baharini: samaki, kasa, pweza, kauri, tumbawe au wimbi. Tofauti na shanga ndogondogo za kutunga, ambazo hutoka kiwandani kwa maelfu zikiwa na umbo moja, shanga hizi hutengenezwa moja moja kwa mkono, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Nairobi, mji ulioko takriban kilomita 480 kutoka Mombasa na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, haina pwani wala mchanga wa pwani. Hata hivyo ina kioo chakavu, mafundi wa moto na soko la mapambo, vitu vitatu vinavyotosha kuifanya kazi hii.

Jina

Ushanga (wingi: shanga) hutaja chembe yoyote yenye tundu la kupitisha uzi, iwe ya kioo, udongo, mfupa, gamba au mbegu. Baadhi ya aina zimebeba majina ya bahari tangu zamani: marijani na fedhaluka ni tumbawe jekundu, lulu hutoka katika chaza, kauri ni gamba lenyewe. Shanga nyekundu za kioo zilizoletwa kuiga marijani ziliitwa samesame. Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, anataja pia lakabu ya shanga hizo iliyokuwa na maana ya kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa hata mlo wake azipate.

Historia

Katika Afrika ya Mashariki, ushanga wa bahari ulitangulia ushanga wa kioo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 15 kutoka pwani, wanaakiolojia walipata ushanga wa gamba la baharini unaokadiriwa kuwa na miaka 65,000, wa kale kuliko wote uliojulikana nchini Kenya utafiti huo ulipochapishwa mwaka 2018. Baadaye, katika vijiji vya mwanzo vya Waswahili kama Tumbe huko Pemba na Shanga katika kisiwa cha Pate, watu walisaga magamba juu ya vigae vya vyungu hadi yakawa duara. Michirizi iliyochimbika katika vigae hivyo ndiyo inayoonyesha leo kwamba kazi hiyo ilifanyika nyumbani.

Kioo kilifika kwa jahazi. Tangu karne za mwanzo za biashara ya pwani, shanga ndogo zilizokatwa kutoka katika mirija ya kioo zililetwa kutoka India na Sri Lanka. Baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15, zikaja za Venisi, kisha katika karne ya 19 za Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Misafara ilizibeba hadi bara, na ndizo zilizoingia katika mapambo ya Wamaasai, Wasamburu na Waturkana, mara nyingi kando ya kauri na magamba mengine. Kwa hiyo, kwa mtu wa bara, gamba na kioo vyote vilikuwa vitu vya baharini: kimoja kilizaliwa ndani yake, kingine kilivuka juu yake.

Malighafi

Mafundi wa shanga duniani hununua fito za kioo laini kilichotiwa rangi, hasa za Murano karibu na Venisi. Nairobi fito hizo ni za kuagiza na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kioo chakavu kina nafasi kubwa zaidi: mabaki ya mafundi wa madirisha na chupa zilizotupwa.

Kila kioo kina tabia yake. Kioo cha dirisha kina kijani kidogo kinachoonekana ukikitazama ubavuni, kutokana na chuma kilichomo mchangani. Kikiyeyushwa na kuwa kinene, kijani hicho hukolea na kufanana na maji ya kina kifupi. Upande mmoja wa kioo hicho una utando wa bati, kwa sababu huundwa kikielea juu ya bati lililoyeyuka. Fundi akiuelekeza upande huo nje, ushanga hupata ukungu usiofutika. Chupa ya bia hutoa kahawia ya mwani.

Sharti kubwa ni kutochanganya vioo kiholela. Kioo laini cha Murano hutanuka kwa kipimo cha 104, cha dirisha kwa takriban 85. Vikiunganishwa hushikana vizuri vikiwa moto, kisha kimoja husinyaa kuliko mwenzake na ushanga hupasuka, pengine siku kadhaa baada ya kuuzwa.

Utengenezaji

Fundi huanza na sindano ya chuma cha pua iliyochovywa katika uji wa udongo mweupe na kukaushwa. Utando huo huzuia kioo kisigande na baadaye ndio unaoacha tundu. Mwenge wa gesi na oksijeni huyeyusha ncha ya ufito mpaka utone kama asali, na tone huzungushwa kwenye sindano isiyoacha kuviringika. Mkono ukisimama, kioo huinamia chini. Fundi huvaa miwani maalumu inayokata mwanga wa manjano wa sodiamu, ili aione kazi ndani ya moto.

Pweza huonyesha ugumu wa kazi hii. Kichwa huundwa kwanza, kisha vitone vinane hubandikwa chini yake, na kila kimoja huvutwa kwa ufito mwembamba hadi kiwe mnyiri uliojikunja. Wakati mnyiri wa tano unavutwa, wa kwanza umeshaanza kupoa, kwa hiyo kila baada ya sekunde chache ushanga mzima hurudishwa motoni kwa mpito tu: ukikaa sana minyiri huyeyuka, ukikaa kidogo hukatika. Jicho ni vitone vitatu, cheupe, cheusi, na cha kioo kisicho rangi juu yake ili ling'ae kama lina maji.

Viputo hupatikana kwa kuviringisha kioo moto juu ya chembe za magadi ya kuokea na kuzifunika kwa tabaka jingine. Joto huzigeuza gesi inayonaswa ndani. Kioo cha feruzi, kinachopata rangi yake kwa shaba, kikikutana na kioo cha rangi ya pembe huzaa mstari mweusi, kwa kuwa shaba humenyuka na salfa iliyo katika kioo cha pili, na mafundi huutumia kuchora mpaka wa maji na mchanga. Moto wenye gesi kupita kiasi huitia feruzi hiyo mabaka ya rangi ya kutu.

Mwisho ushanga huingia katika tanuri la nyuzi 510 hadi 550 za Selsiasi, kulingana na kioo, kisha hupozwa polepole kwa saa kadhaa. Kuufukia katika majivu ya moto hupunguza tu kasi ya kupoa, hakuondoi mkazo uliobaki ndani.

Karakana na masoko

Karakana ya kioo inayojulikana zaidi ni ya Kitengela, ng'ambo ya bonde la Mto Mbagathi, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, aliianza kwa vioo vya rangi vya madirisha, na mwanawe Anselm Croze akaongeza tanuri la kioo cha moto katika miaka ya 1990, akitumia kioo chakavu kwa vyombo, sanamu na shanga.

Katika mtaa wa Karen, karakana ya Kazuri, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili, hutengeneza shanga za udongo, si za kioo, lakini imesaidia kuuzoesha mji wazo kwamba ushanga mmoja wa mkono una thamani. Karen pia ndiko kampuni ya Ocean Sole hugeuza ndara zilizookotwa ufuoni kuwa sanamu za kasa na nyangumi.

Katikati ya jiji, Maasai Market imekuwa kwa miaka mingi ikitandazwa Jumamosi karibu na Mahakama Kuu, na Jumapili upande wa magharibi, Yaya Centre. Humo shanga za mkono hukaa jamvi moja na zile za Ucheki. Mnunuzi hutofautisha kwa kidole: tundu la ushanga mzuri wa mkono lina kingo zilizoviringika na kuzama ndani kama shavu la kauri, wala halikwaruzi. Tundu lenye ncha hukata uzi, na ushanga hupotea hata kama pweza wake ni kamili.