Kutoka hospitali si mwisho: namna ya kumsindikiza mgonjwa aliyezoea tramadoli

Mjini Goma, tramadoli si jina geni. Ni dawa ya maumivu ya familia moja na mofini, familia ambayo wanganga wanaiita opioidi. Mtu aliyepasuliwa, mama aliyevunjika mguu ao kijana aliyepigwa risasi anaihitaji kweli. Vita vilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025, hospitali kama CBCA Ndosho, ambayo CICR inasaidia katika upasuaji wa majeruhi, zilipokea mamia ya watu wenye majeraha ya risasi na bomu. Majeraha ya namna hiyo yanaweza kumlaza mtu wiki nyingi. Na wako wengine wanaomeza tramadoli bila jeraha lolote: ju ya kuvumilia kazi nzito, ju ya kupata usingizi, ao ju ya kusahau mambo waliyoona.

Kila mmoja wao, siku moja, anatoka hospitali. Na siku hiyo njo yenye hatari.

Mwili unapozoea

Mtu akimeza dawa hii kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unaizoea. Hiyo peke yake si ulevi wala si haya. Inaweza kumfikia mgonjwa yeyote. Shida inakuwa kubwa pale mtu anaitafuta hata maumivu yakiisha, anaongeza vidonge mwenyewe, anauza vitu vya nyumbani ju ya kuinunua, na hawezi kuacha hata akitaka.

Dawa ikikatwa gafula, mwili unalalamika. Kwa kawaida inaanza ndani ya siku moja: jasho, miayo, makamasi, mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi, wasiwasi. Watu wa Dar es Salaam wanaita hali hiyo arosto. Siku ya pili na ya tatu njo zinakuwa mbaya zaidi. Kiisha inapungua, mara nyingi ndani ya wiki moja ao kidogo zaidi. Kwa tramadoli, wengine wanachanganyikiwa ao wanasikia sauti ambazo hazipo.

Hapa kwetu ni rahisi kukosea. Jasho na mwili kuuma, watu wanasema malaria. Kuharisha, wanasema kolera. Sauti, wanasema uchawi. Mtu akiharisha, anywe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya (SRO) na apimwe, kwani kolera inaua haraka. Lakini amwambie munganga ukweli wote, pamoja na vidonge alivyoacha.

Kwa nini hatari iko mlangoni

Mtu aliyeacha opioidi kwa wiki moja ao mbili, mwili wake haubebi tena dozi ya zamani. Akirudi mtaani na kumeza vidonge vingi kama mbele, pumzi inaweza kusimama. Akichanganya na pombe ao dawa za usingizi, ni mbaya zaidi. Tramadoli nyingi inaleta pia degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa. Kwa hiyo kumsafisha mgonjwa hospitalini, kiisha kumfungulia mlango bila mpango wowote, si kumponya. Pengine ni kumtia hatarini zaidi.

Mwaka 2014 walitoa matokeo ya utafiti mmoja wa mji wa Boston, Marekani, kwa wagonjwa 139 waliolazwa hospitalini kwa magonjwa mengine na ambao pia walikuwa wamezoea opioidi. Kundi moja walipunguziwa dawa ndani ya siku chache, kiisha wakapewa habari za matibabu. Kundi lingine walianzishwa dawa ya matibabu, buprenofini, wakiwa bado kitandani, na wakapangiwa kuendelea nayo kliniki. Katika kundi la kwanza, watu karibu 12 kwa 100 tu njo waliingia matibabu ya kliniki. Katika kundi la pili, zaidi ya 70 kwa 100. Lakini nyuma ya miezi sita, hata katika kundi hilo la pili waliobaki kwenye matibabu walikuwa karibu 17 kwa 100. Kumfikisha mtu ni kazi moja. Kumshikilia ni kazi ingine.

Majirani wanafanya nini

Tanzania ilianza kliniki ya metadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Uganda ilifuata Butabika, Kampala, mwaka 2020. Mgonjwa anakuja, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kiisha anaenda kazini ao nyumbani. Metadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 2005.

Mahali pasipo dawa hizo, njia inayobaki ni kupunguza tramadoli polepole, kwa hesabu ya munganga, na kutibu kila dalili inayokuja. Si kazi ya kufanya peke yako nyumbani.

Kabla ya kutoka wodini

Mgonjwa ao mlinzi wake anaweza kuomba mambo haya, bila kuogopa:

– Karatasi ya kutoka inayoandika dawa gani, kiasi gani, mpaka tarehe gani, na namna ya kupunguza.

– Rendezvous yenye siku, saa na jina la mahali, ndani ya wiki ya kwanza. "Utarudi ukisikia vibaya" si rendezvous.

– Kituo kilicho karibu na anapolala. Mtu wa Sake ao Rutshuru hawezi kulipa gari kila wiki kufika Goma.

– Mtu mmoja wa familia anayejua ukweli, anayeweka vidonge na kutoa vya siku moja moja.

– Mpango wa maumivu yenyewe: paracetamoli ao dawa ingine, na mazoezi ya viungo. Mtu mwenye mguu unaouma usiku atarudi farmasia tu.

Muuguzi naye anaweza kuuliza kwa upole: "Dawa ya mwisho ulimeza lini? Ulikuwa unameza ngapi kwa siku? Unainunua wapi?" Akiuliza kama polisi, atapewa uongo.

Nani anaweza kupokea mgonjwa

Goma iko na Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha Frères de la Charité; Bukavu iko na SOSAME, ya shirika hilohilo. Lakini hata muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufuatilia: OMS ilitengeneza mwongozo, mhGAP, ju ya wahudumu wasio wanganga wa akili, na shida za dawa za kulevya zimo ndani. Reko wa kartye anaweza kupita nyumbani siku za kwanza, kwani njo siku ambazo wengi wanaanguka tena.

Akianguka tena, asifukuzwe nyumbani wala kwenye kituo. Mtu wa presha akikosa dawa, anarudishwa kwenye matibabu. Huyu naye ni hivyohivyo.

Dalili za kukimbiza hospitali

Mtu hawezi kuamka, anapumua polepole sana ao anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo inageuka bluu, mboni za macho ni ndogo kama nukta, ao anashikwa degedege. Mlaze kwa upande, usimpe maziwa wala kumtapisha, usimwache peke yake, mpeleke mara moja. Chukua pakiti ya dawa na uionyeshe. Hospitali ikiwa na naloksoni, wanganga wanaweza kurudisha pumzi yake, lakini lazima wajue kwanza alimeza nini.