SOMO LA HISTORIA: NGUVU ILIYOMO KATIKA KIMEA

Leo tutaanzia jikoni, kwa jambo ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mimi: kupika togwa.

Mpishi wa togwa hupika uji mzito, akauepua, akangoja upoe hata uwe vuguvugu. Ndipo hutia unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Baada ya muda uji hulegea, na ukiuonja una utamu, ingawa hakuna sukari iliyotiwa. Lakini ukitia kimea katika uji unaochemka, utamu hauji. Kwa nini?

Jibu la kwanza lilipatikana Ufaransa mwaka 1833. Wataalamu wawili, Payen na Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Vitu vya namna hii twaviita vimeng'enya. Kimeng'enya huharakisha kazi, nacho chenyewe hakimaliziki; ndiyo maana kimea kidogo hutosha sufuria nzima. Lakini moto mkali hukiharibu.

Baadaye yakazuka mabishano. Hamira hugeuza sukari kuwa pombe. Je, hiyo ni kazi ya kiumbe hai, au ni kemia tu? Pasteur, Mfaransa, alishika kwamba pasipo hamira hai hakuna kuchachuka. Liebig, Mjerumani, alisema ni kemia. Mwaka 1897 Mjerumani mwingine, Buchner, alisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akachanganya maji yake na sukari. Mapovu yakatoka! Hamira imekufa, na kazi inaendelea. Sasa ilionekana kwamba uhai waweza kutengwa kipande kimoja kimoja, na kila kipande kikaeleweka peke yake.

Subirini kidogo. Mwaka 1906, mjini London, Harden na Young waliyachuja maji hayo ya hamira, wakapata sehemu mbili. Wakatia sehemu ya kwanza katika sukari: kimya. Wakatia ya pili: kimya. Walipozichanganya tena, mapovu yakarudi. Kimeng'enya kilihitaji mwenzake. Kutenga vipande kuliwafundisha mengi, lakini kazi yenyewe ilitokana na vipande kuwa pamoja.

Jambo hili latuhusu na sisi. Mwaka 1983 wataalamu Mosha na Svanberg walieleza kwamba kimea huulegeza uji mzito, hata mtoto mdogo akaweza kuunywa na kupata chakula kingi zaidi katika bakuli lile lile. Ni faida kubwa. Lakini kimea peke yake hakilei mtoto. Uji wataka pia karanga au maharage, maji safi, na mama mwenye nafasi ya kumlisha mara kadhaa kwa siku. Nafasi hiyo haimo ndani ya kimea.

Basi msidharau elimu ya kutenga vipande. Bila hiyo tusingejua kwa nini moto huua nguvu ya kimea. Wala msidhani kipande ndicho kitu kizima. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini uji hupozwa kabla ya kutiwa kimea?
2. Mtoto akikonda, mbali na chakula, tuulize mambo gani mengine nyumbani?

Kwaherini, hadi juma lijalo.