Unataka WRX na Unaishi Umoja? Soma Hii Kabla Utume Doh Japan

Msee wa Umoja, Buru, Kayole ama Dono, tunakujua. Simu yako imejaa picha za Subaru ya buluu na rimu za dhahabu, na ukiskia ule mngurumo ukipita Outering unageuka hata ukiwa umekaa na manzi yako. Sasa chama imelipa, Sacco imekubali, unaona saa imefika. Poa. Lakini kuna wasee wameuza ploti ya Joska ndio wanunue injini ya pili, kwa hivyo tulia hapo dakika tano.

Tuanze na neno "mpya". Huku mtaani, ndai mpya ni ile imeshuka meli Mombasa juzi, hata kama Mjapani ameipiga kilomita miaka saba. Sheria ya KEBS inasema gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka wa 2025 mstari ulikuwa 2018 kwenda juu, na kila Januari unasonga mwaka mmoja. Maana yake zile Impreza za enzi ya McRae, ile ya macho ya mviringo, na hata hachibeki ya 2008, haziingii tena. Mtu akikuuzia moja mtandaoni akisema iko bandarini Yokohama inakungoja, huyo anangoja doh yako tu. Hizo zinanunuliwa hapa hapa, zikiwa na namba za Kenya tayari.

Kinachoingia ni WRX S4, Levorg, na zile WRX STI za mwisho mwisho. STI yenye injini ya EJ20 ilifika mwisho Japan 2019, na unajionea mlango unavyofungwa. S4 ina nguvu ya farasi 300, karibu mara tatu ya Probox ya buda yako, lakini ni otomatiki pekee. Kama ndoto yako ni kukanyaga klachi, usinunue S4 ukidhani utaizoea. Hautaizoea. Utakaa ukiangalia mguu wako wa kushoto.

Mbona Subaru lakini, na si Golf? Ju hii kitu iko kwa damu yetu. 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally na Subaru Vivio, kagari ka sisi 660 kanakokaa sanduku la soda. 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, na 2000 Richard Burns akarudia na Subaru. Wazae wetu walisimama kando ya barabara wakala hilo vumbi. Sisi tumerithi.

Sasa ushuru, mahali wasee wengi huumia. KRA haiangalii bei uliyolipa Mjapani. Wana orodha yao ya bei za magari, wanaiita CRSP, wanapunguza kulingana na umri wa gari, halafu wanapiga hesabu. Tuseme wamefika thamani ya milioni moja. Ushuru wa forodha ni 35%, hiyo ni 350,000. Injini ikizidi sisi 1500, ushuru wa bidhaa ni 25%, na haukatwi kwa ile milioni, unakatwa kwa milioni na 350,000, kwa hivyo 337,500. Halafu VAT ya 16% juu ya jumla yote, 270,000. Jumlisha: 957,500. Na bado kuna ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Kwa ufupi, unanunua gari mbili, moja yako na moja ya serikali. Kabla utume hata shilingi, mwambie wakala akuandikie hii hesabu kwa karatasi, si kwa mdomo.

Kwa zile za Japan, itisha karatasi ya mnada. Alama 4 ama 4.5 ni fiti. Ukiona herufi R, iligonga ikarekebishwa. Si lazima uikimbie, lakini bei ikikaa kama ya gari safi, kuna mtu anakuchezea. Soma pia kilomita zilizoandikwa hapo, uzilinganishe na zile utapata kwa dashibodi ikishuka Mombasa.

Ukinunua hapa mtaani, kazi ni tofauti. Fanya utafutaji wa NTSA kwa eCitizen uone jina la mwenyewe na kama kuna benki imekalia hiyo logibuku. Halafu fika asubuhi bila kupiga simu sana, na uguse boneti. Ikiwa moto, mwenyewe ameiwasha mapema ndio usiskie inavyoamka. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku mbili kule, ndio maana inashika kona hivyo, lakini pia ndio maana oili ikipungua inajiua kimyakimya. Chomoa kijiti cha oili. Kikiwa kikavu, enda nyumbani. Lipa fundi wako, si fundi wa muuzaji, apime kompresheni ya silinda zote nne. Hiyo pesa kidogo ndiyo bima yako ya kwanza. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa EJ20 ni kila kilomita 100,000 hivi, na jibu la "si mbali" si jibu.

Tairi nazo. Subaru inasukuma magurudumu yote manne, kwa hivyo tairi zote nne lazima zilingane, saizi na hata kuisha. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zimeparara nyuma, zinazunguka kwa kasi tofauti na difu ya katikati inakula hasara. Wewe ulikuwa umesave elfu kadhaa, sasa uko Grogan unaulizia gia boksi. Ukienda kuangalia gari ukute tairi nne za majina manne, umeshajua mwenyewe alikuwa anaishije.

Mafuta tusiongee sana. 2025 petroli ilikuwa inacheza karibu 180 kwa lita, na tanki la STI ni lita 60. Hiyo ni 10,800 kwa kujaza, na hizi injini zimetengenezewa petroli ya oktani ya juu kuliko super ya kawaida. Kwa jam ya Jogoo Road utaona mshale ukishuka na macho yako. Kipimo chetu ni hiki: ukishalipa Sacco, rent na mafuta, na hakuna kitu imebaki kila mwezi ya kuwekea tairi na oili, nunua Impreza ya kawaida isiyo na turbo. Inaitwa Subaru pia. Bima nayo uliza bei kabla ya kununua, na ukibadilisha turbo ama kompyuta ya injini, waambie. Siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa ju ulinyamaza.

Halafu kuna mambo ya Eastlands yenyewe. Usishushe gari chini sana, matuta ya estate hayajui wewe ni nani. Sait mira ziandikwe namba ya gari, na upate mahali pa kulala ndani ya geti yenye soja. Vioo vyeusi kabisa? Fikiria mara mbili. Tangu utekaji wa 2024, Subaru yenye vioo vya giza ikiingia korti polepole, watu wanatoa simu na watoto wanaitwa ndani. Hiyo si heshima ungependa kupewa na majirani.

Kasi sasa. Ukweli ni kwamba hakuna mahali kwa mtaa wetu pa kufungulia farasi 300. Outering ina watu wanavuka kutoka kazini Pipeline hadi Taj Mall ya zamani, boda zinakuja upande mbaya, na sheria mjini ni 50. Expressway ni 80. Lakini pahali pa kuchoma tairi pako. Kuna Whistling Morans kule Athi River, njia ya mashindano yenye waokoaji. Kuna KiambuRing, barabara inafungwa na unapimwa na saa, peke yako. Ingia huko siku ya kwanza kama mtazamaji, ongea na wasee wa WRX, utajifunza mengi kuliko video. Na Safari ilirudi kwa kalenda ya dunia 2021, huko Naivasha. Ukienda Vasha na mabeshte, chagueni nani hatakunywa kabla mtoke Donholm, si mkishafika. Usiku wa kurudi ndio umezika wasee, na si kona iliwashinda.

Ukifika home, usizime injini hapo hapo. Iache ingurume dakika moja turbo ipoe. Funga geti, panda ngazi polepole, na mathe akiuliza ni nani huyo alipita na makelele saa tano usiku, mwambie hata wewe uliskia.