Jiwe Lililovikwa Jina la Jingine

Mbele ya taji ambalo mtawala wa Uingereza hulivaa afunguapo Bunge limepachikwa jiwe jekundu lenye uzito wa karati 170 hivi. Waingereza huliita Black Prince's Ruby, yaani yakuti ya Mwana wa Mfalme Mweusi. Mapokeo husema kuwa mwaka 1362 Pedro, mfalme wa Castile, alimwua Abu Said wa Granada akatwaa vito vyake. Kisha mwaka 1367 akamtunukia jiwe hilo Edward wa Woodstock kwa kumsaidia vitani. Habari hizi zina utukufu wa kutosha, ila jambo moja limepungua ndani yake: jiwe lenyewe si yakuti. Ni spineli.

Wala si peke yake. Kito kiitwacho Timur Ruby, chenye karati 352.5, ni spineli pia, na uchunguzi umebainisha kwamba Timur hakupata kukimiliki. Jiwe jekundu la kileleni katika taji kuu la Urusi, lililotengenezwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Catherine wa Pili mwaka 1762, ni spineli ya karati 398 na zaidi.

Je, macho ya watu yalidanganyikaje? Mawe haya hupatana kwa rangi, maana madini ya kromi ndiyo yatiayo wekundu katika yote mawili. Tena katika nchi kama Burma na Sri Lanka huokotwa katika changarawe moja. Lakini asili zao ni mbali. Yakuti ni alumini na oksijeni. Spineli huongeza magnesi. Kwa ugumu yakuti hupewa daraja ya 9, spineli ya 8. Mwali wa nuru uingiapo katika yakuti aghalabu hugawanyika pande mbili. Katika spineli hupita mmoja.

Ulaya ilipata kuyatenga kwa elimu ya maumbo ya mawe mwaka 1783, kwa kazi ya Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle. Lakini miaka mia saba na zaidi kabla yake, Al-Biruni alikwisha kuandika juu ya vito, akaitenga yaqut na la'l, jiwe jekundu la milima ya Badakhshan. Wafalme wa Kimogoli wa Uhindi waliithamini la'l kwa jina lake hilo, hata wakachora majina yao juu yake: Jahangir na mwanawe Shah Jahan ni miongoni mwao. Basi kosa halikuwa la wanadamu wote. Lilikuwa la wale waliolipokea jiwe bila ya kupokea maarifa ya walikolitoa.

Elimu ilipokuja, haki haikufuata upesi. Jiwe halikupungua chembe ya mng'aro, ila lilishuka heshima kwa kuwa halikuwa lile lililodhaniwa. Katika karne ya ishirini likapata aibu ya pili: spineli ziliundwa viwandani kwa bei ndogo, zikatumiwa kuigiza vito vingine, na jina likaanza kunukia ughushi.

Mwaka 2007 mambo yaligeuka kwa upande wetu. Huko Ipanko, karibu na Mahenge, Tanzania, zilichimbuliwa spineli kubwa ajabu, za rangi nyekundu yenye waridi. Masonara wa nchi za mbali walizinunua kwa hamu, wakazitia katika pete na mikufu, na leo jina la Mahenge ni sifa katika biashara yao. Jiwe hili halikuhitaji kusingiziwa kuwa yakuti ili lipendwe.

Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa historia. Sifa ya kuazima humnyima mwenyewe sifa yake, na kumsahihisha si kumshusha. Yule aliyeiita la'l kwa jina lake, miaka elfu iliyopita, aliiheshimu kuliko yule aliyeiweka kwenye taji na kuiita yakuti.