Mlio wa Gari la Moshi Lubumbashi

Watu wa Kampemba hawahitaji kufundishwa mlio wa gari la moshi. Lakini ulifikaje kwetu? Reli ilitoka kusini, ikafika Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, mji uliokuwa ukianza tu, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi. Mashini za siku hizo zililia kwa mvuke uliopenya katika mwanya mwembamba. Baadaye zikaja za umeme na za mazutu, ambazo pembe zao hupulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi hewa ile ile ya breki. Basi fundi mwenye akili hujaribu vyote viwili kabla ya safari.

Wengine hudhani dereva apiga pembe kwa majivuno. Sivyo, wasomaji. Gurudumu la chuma juu ya chuma hushika kidogo sana. Treni yenye mizigo mizito yaweza kwenda mamia ya mita, hata kilometa nzima, kabla ya kusimama. Wala dereva hawezi kumkwepa mtoto aliye relini. Amebakiwa na sauti tu.

Lakini mgonjwa naye ataka usingizi. Huko Marekani sheria ya mwaka 2005 iliweka mipaka: pembe ikipimwa umbali wa mita 30 isipungue desibeli 96, wala isizidi 110, nayo ipigwe sekunde 15 hadi 20 kabla treni haijafika mahali barabara ikatapo reli. Zamani kipimo cha juu hakikuwapo kabisa! Mimi naona wakaao kandokando ya reli wangeuliza kipimo, kuliko kudai kimya. Huko Marekani kwenyewe, miji iliyotaka kimya ililazimika mara nyingi kuongeza kwanza vizuizi barabarani.